Ukuta wa Darasa la Nne

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye stakabadhi ya kodi tu. Mtaani, kazini na hata nyumbani aliitwa Timazi, kama ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi huuning'iniza ukutani kuona kama ukuta umesimama wima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza habari atasema nzuri, ukimwuliza nyingine atasema hakuna, kisha atarudi kwenye tofali lake.

Alisoma miaka miwili. Mwaka wa tatu mwalimu wao aliondoka, na serikali ya Mwingereza ikawaambia watoto wangoje mwingine. Timazi alingoja. Kwa miezi mitatu alikwenda kila asubuhi kukaa mbele ya jengo lililofungwa, mpaka baba yake akamwambia, "Mwanangu, utangoja mpaka ndevu zikuote," akampeleka kwa mwashi aliyekuwa akijenga wodi mpya ya hospitali. Huko ndiko alikomalizia masomo yake, kwa kusoma maandishi ya mifuko ya saruji.

Alipokuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wanne, yeye na wazazi wenzake walichoka kungoja wakajenga shule. Siku hizo koloni lilikuwa na desturi yake: lijilishe lenyewe. Kilichokusanywa kwa kodi na ushuru kililipa kwanza askari, mahakama, barabara na mabwana wakubwa. Makombo ndiyo yaliyotupiwa hospitali na shule. Kwa hiyo wazazi walichoma matofali wenyewe, Timazi akasimamisha kuta, na shule ikawa na vyumba viwili vikubwa. Chumba cha kwanza walikaa watoto wa darasa la kwanza na la pili, wamepeana migongo, kila kundi na mwalimu wake na ubao wake. Chumba cha pili walikaa wa la tatu na la nne vivyo hivyo. Wazazi waliwalipa walimu wote wanne kwa kukamuana, mwezi huu mtu ana, mwezi ujao hana.

Kwa kuwa mwandiko wake ulinyooka, walimfanya Timazi katibu wa kamati ya shule. Hakupenda. Lakini mtu asiyejua kukataa hubebeshwa.

Mwaka ule wa nane wa shule likaja neno jipya: ruzuku. Serikali ilitangaza kwamba itawalipa walimu wa shule za wazazi, kila darasa mwalimu mmoja. Zikaletwa fomu mbili, zote kwa Kiswahili, zimefasiriwa na Afisa wa Elimu mwenyewe, tena kwa fahari. Moja ilikuwa ya mishahara na nyingine ya majengo, kwa shule zenye haja ya kuongezewa vyumba. Mwalimu Mkuu alijaza ile ya majengo. Timazi, kama katibu, akajaza ile ya mishahara. Fomu zote mbili ziliuliza swali moja, kwa maneno yale yale: Shule ina madarasa mangapi?

Mwalimu Mkuu, ambaye maisha yake yote yalikuwa watoto, akaandika: manne.

Timazi, ambaye maisha yake yote yalikuwa kuta, akaandika: mawili.

Hakuna aliyechungulia karatasi ya mwenzake.

Barua ilikuja mwezi wa nane, siku ya Jumatano. Mwalimu Mkuu aliisoma mara mbili amesimama, kisha akakaa, akamtuma mtu kumwita Timazi kutoka kwenye jengo alikokuwa akipiga lipu. Timazi akaja na mwiko mkononi.

"Soma mwenyewe," Mwalimu Mkuu alisema. "Mimi sauti imenikauka."

Barua ilisema hivi: kwa kuwa shule ina madarasa mawili, ruzuku imekubaliwa kwa walimu wawili, wa darasa la kwanza na la pili. Na kwa kuwa shule inayopokea ruzuku hairuhusiwi kuendesha madarasa yasiyotambuliwa, darasa la tatu na la nne yasimame kuanzia mwezi ujao.

Timazi alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata. Alipofika "la nne" kidole kikasita. Binti yake wa mwisho, Kitinda, alikuwa darasa la nne. Mwezi wa kumi na moja angefanya mtihani wa kwenda shule ya kati, ile ya bweni. Dada zake wawili na kaka yake walikomea la pili, enzi zile shule haijafika la tatu. Mwalimu alishasema hadharani kwamba huyu atapita, tena atapita amekunja mikono. Darasa likisimama mwezi wa tisa hapana mtihani, na mwaka ujao umri wake utakuwa umepita.

"Nani alijaza fomu ya mishahara?" Mwalimu Mkuu aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Ukaandika mawili?"

"Si yapo mawili? Nimeyajenga mimi."

Mwalimu Mkuu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Timazi, ndugu yangu. Umejenga vyumba. Madarasa ni watoto!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje kwamba kuna mtu duniani hajui?"

Hilo lilimchoma Timazi. Alifuta mwiko kwenye suruali, akauweka juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, juu ya daftari la mahudhurio, akaondoka kwenda Ofisi ya Elimu vile vile alivyo, na chokaa mpaka kwenye nyusi.

Ofisini walikaa makarani wawili katika chumba kimoja, wamepeana migongo. Karani wa Mishahara alikuwa mnene na Karani wa Majengo mwembamba. Viti vyao vilikaribiana hivi kwamba mmoja akijinyoosha, mwingine humwaga wino.

Timazi alieleza shida yake kwa Karani wa Mishahara. Kwa mtu wa maneno machache yalikuwa maneno mengi, na alipomaliza alikuwa akihema.

"Mzee wangu," karani alisema, akilifungua faili kama mtu anayemenya yai, "fomu inasema mawili. Nani kasema mawili?"

"Mimi."

"Basi ugomvi wako na wewe mwenyewe. Nendeni mkapatane nyumbani."

"Nilikosea. Ni manne. Andika manne."

"Fomu ikishapigwa muhuri haiandikwi. Ingekuwa inaandikwa, muhuri ungekuwa wa nini?"

Timazi akazunguka meza, hatua tatu, akasimama mbele ya Karani wa Majengo. Alijiambia kwamba kama madarasa ni vyumba, na vyumba ni viwili, basi angalau wataongezewa vingine viwili, na kisa kitakwisha.

"Shule yenu?" Karani wa Majengo alipekua. "Hii hapa. Maombi ya vyumba viwili. Yamekataliwa."

"Kwa nini?"

"Shule ina madarasa manne. Watoto makundi manne, madarasa manne. Mnataka ya nini tena, mfugie kuku?"

Timazi alimtazama huyu, akautazama mgongo wa yule. "Samahani, kaka. Huyu mwenzako nyuma yako anasema tuna mawili."

"Huyo ni mishahara."

"Najua. Lakini shule ni moja."

"Kwa mishahara ni moja. Kwa majengo ni nyingine."

"Hamwezi kugeuka?" Timazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda, mpaka tarishi aliyekuwa akisinzia mlangoni akafumbua jicho. "Nusu dakika tu. Wewe geuka hivi, yeye ageuke hivi, mwambizane. Hata kiti hamtakisogeza!"

"Mzee, usitufundishe kukaa," alisema Karani wa Mishahara bila kugeuka.

"Tena usipige kelele," alisema Karani wa Majengo. "Unamwaga chokaa sakafuni."

Yalikuwa ya kweli. Kila alipotikisa mkono, chokaa ilidondoka. Timazi akaomba kumwona mkubwa.

Afisa wa Elimu watu walimwita Bwana Sarufi. Alikuwa Mwingereza mrefu aliyefaulu mtihani wa Kiswahili kwa alama za juu, na tangu siku hiyo Kiswahili chenyewe kilikosa raha. Ukimwambia nyumba imeungua atakuuliza kwanza kama ni kuungua au kuunguzwa. Hakuwa mtu mbaya. Siku nyingine alimpa tarishi dawa ya kikohozi kutoka mfukoni mwake. Lakini kumweleza jambo ilikuwa kazi ya kusukuma gari lililofungwa breki.

"Madarasa manne, bwana," Timazi alisema. "Nilikosea kuandika. Niliandika vyumba."

"Fomu haikuuliza vyumba. Iliuliza madarasa. Darasa ni chumba cha kusomea. Nimelitazama neno hilo katika kamusi mimi mwenyewe."

"Na barua yako, bwana, inasema darasa la tatu na la nne yasimame. Kama ni vyumba, vyumba vyetu vimesimama miaka minane. Sijui mnataka visimame mara ngapi."

"Kusimama, hapo, maana yake ni kusita," alisema Bwana Sarufi, akiinua kidole.

"Basi na darasa, hapo, maana yake ni watoto!"

Bwana Sarufi alishusha kidole. Alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. "Katika karatasi ya serikali," alisema taratibu, "neno moja haliwezi kuwa vitu viwili."

"Paa, je? Mimi ni mwashi, paa nalijua. Kuna paa la nyumba na kuna paa wa porini. Nikikuambia paa amekimbia, utatazama juu?"

Nyuma ya mlango tarishi alikohoa, na hakikuwa kikohozi. Timazi hakujua maneno yote yale yalikuwa yamefichwa wapi mwilini mwake. Yalikuwa yakitoka kama maji ya bomba lililopasuka, na hakuwa na la kuzibia.

"Mkija kwa kodi, bwana, mnahesabu vichwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nina kuta ngapi. Mkija kwa shule mnahesabu kuta. Kwa nini msihesabu vichwa pia siku ya kutoa, kama mnavyovihesabu siku ya kuchukua?"

Uso wa Bwana Sarufi uligeuka mwekundu, kuanzia shingoni. Alipanga kalamu zake, akazipanga tena.

"Nikibadili maana ya neno kwa shule yako," alisema mwishowe, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu, "nitapaswa kuibadili kwa shule zote, na fungu zima la elimu limekwisha kugawanywa. Unadhani napewa kiasi gani? Barabara wanapewa mara saba yangu. Nimebakiwa na nafasi chache za walimu kwa shule zilizokosea hesabu. Jumatatu nitakuja kukagua mwenyewe. Nikiona madarasa manne, nitaandika manne. Nikiona mawili, ni mawili. Jumanne vitabu vinafungwa."

"Utakayoyahesabu ni yapi, bwana? Ya watoto au ya kuta?"

"Madarasa," alisema Bwana Sarufi. "Kwaheri."

Siku mbili zilizofuata Mwalimu Mkuu alizimaliza akiandika barua ya kusihi, kurasa sita, yenye mistari ya kitabu kitakatifu. Timazi hakuandika kitu. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, alisimama nyuma ya nyumba yake akitazama rundo la matofali.

Yalikuwa matofali elfu moja na zaidi kidogo, ya kujengea jiko. Mama Kitinda alikuwa akipika chini ya mabati manne yaliyoegemezwa ukutani, mvua ikija upande huu anahamia upande ule.

"Usiyatazame hivyo," alisema mke wake, aliyekuwa akipepeta mchele. "Nakujua. Ukiangalia kitu hivyo, kesho hakipo."

"Mama Kitinda."

"Sitaki kusikia."

"Anahesabu kuta. Yule bwana hawezi kuhesabu kingine. Nikikata kila chumba katikati kwa ukuta mmoja, yatakuwa manne."

"Na mimi?"

Timazi aliinama akaokota kipande cha tofali.

"Mwaka wa tatu huu napika na moshi machoni. Watu wakiniona wanadhani nalia, wananipa pole ya msiba! Mke wa mwashi, hana jiko. Mganga hajigangi, sawa, lakini mkewe naye asigangwe?" Aliuweka ungo chini. "Na kila tofali hapo nalijua, maana nimelibeba kwa kichwa hiki. Ulikosea wewe. Neno moja tu, Baba Kitinda! Kila siku huna maneno, siku unalo moja, linakuwa baya!"

Ndani, Kitinda alikuwa akisoma kwa sauti, kitu juu ya mito na vyanzo vyake. Alisoma kama watoto wanavyosoma wakijua kwamba wakubwa wanagombana, kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika. Wote wawili walimsikiliza mpaka alipofika mwisho wa ukurasa.

"Mkokoteni wa jirani upo?" Mama Kitinda aliuliza.

"Upo."

"Basi usisimame kama nguzo. Kapakie."

Jumamosi walianza alfajiri. Wazazi walikuja, wengine na ndoo za maji, wengine na maneno tu. Mzee mmoja alikaa kwenye dawati kutwa nzima akieleza jinsi ambavyo yeye angejenga. Timazi alijenga ukuta wa tofali moja moja, unaofika juu ya kichwa cha mtu mrefu na kuishia hapo, maana matofali hayakutosha kufika kwenye paa. Kila chumba kilikuwa na mlango mmoja. Kwa hiyo Jumapili alibomoa chini ya madirisha mawili ya nyuma akayageuza milango, na matofali aliyoyatoa pale akamalizia ukuta wa pili. Mama Kitinda alimpokeza matofali siku zote mbili. Hakumsemesha ila mara moja, kumwambia kwamba tofali lile lina ufa, aligeuze.

Jumatatu Bwana Sarufi alifika saa tatu, na makarani wote wawili nyuma yake, kila mmoja na faili lake. Watoto walikuwa wamekaa, darasa kwa darasa, wanatazama mbele.

Bwana Sarufi aliingia mlango wa kwanza, akatoka. Akazunguka nyuma, akaingia wa pili, akatoka. Alihesabu kwa sauti, kwa ngeli sahihi. Moja. Mawili. Alipoingia darasa la nne ilibidi watoto wa mbele wainue miguu ili apite. Aliweka kiganja chake ukutani ajishikilie, akakiondoa, akakitazama. Kilikuwa na udongo mbichi.



"Fundi," alisema Bwana Sarufi. "Ukuta huu ulijengwa lini?"

Watoto thelathini na mmoja walimgeukia Timazi. Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuitoa mfukoni ile barua ya kurasa sita.

"Bado haujakauka, bwana," Timazi alisema. "Lakini umesimama."

Bwana Sarufi alitoa leso, akajifuta mkono, kidole kimoja kimoja. Alitazama juu, mahali ukuta ulipoishia na sauti za darasa la tatu zilipokuwa zikipita. Akatazama madawati yaliyobanana. Kisha akamgeukia Karani wa Mishahara.

"Fomu inauliza tangu lini?"

"Haiulizi, bwana."

"Inauliza urefu wa ukuta?"

"La, bwana."

"Basi andika manne. Walimu wanne. Tutapiga muhuri leo."

Mwalimu wa darasa la nne, kijana asiyecheka ovyo, aligeukia ubao akajifanya anafuta kitu. Mwalimu Mkuu akaanza kushukuru kwa maneno marefu, na hapo ndipo Karani wa Majengo alipolamba ncha ya penseli yake.

"Na kwangu, bwana, nimeona kwa macho," alisema. "Madarasa manne yapo, kama nilivyosema tangu mwanzo. Yale maombi ya vyumba viwili niyafute kabisa?"

"Yafute," alisema Bwana Sarufi.

Timazi alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba hivi si vyumba, ni makabati. Alitaka kusema kwamba makarani hawa wawili sasa wamekubaliana kwa mara ya kwanza, na wamekubaliana juu ya uongo. Mwalimu Mkuu akamkanyaga mguu, kwa nguvu, na kiatu cha ngozi. Timazi akaufunga mdomo.

Walipokwisha kuondoka, Mama Kitinda, aliyekuwa amesimama nje pamoja na wanawake wengine, alimpita mumewe akaenda moja kwa moja kuokota vipande vya matofali vilivyobaki. Alivipanga kwenye ndoo. "Vitatosha mafiga," alisema.

Masomo yakaanza. Upande wa pili wa ukuta darasa la tatu waliimba jedwali la saba, na huku darasa la nne wakawa wanaandika mito na kusikia saba mara nane. Mwalimu wao alifundisha amesimama kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, maana ndani hapakuwa na pa kuweka miguu. Timazi alichungulia dirishani. Kitinda alikuwa amekaa pembeni kabisa, bega ukutani, sare yake imekwisha kuchafuka udongo.

"Unaona ubaoni?" alimnong'oneza.

"Naona nusu, baba."

"Nusu ipi?"

"Ya kulia. Ya majibu."

Timazi aliliacha dirisha. Akazunguka mpaka mlangoni, akamwomba radhi mwalimu, akashika ubao upande mmoja. "Shika huko, mwalimu," alisema. "Tuuhamishie kwenye ukuta ule, waone na maswali. Nyie watoto, inameni, usiwagonge vichwa."